Maji Niliyobeba Mgongoni

Binti yangu aliponiambia anataka twende tukalale msituni siku tatu, nilimuuliza kama nyumba yake imeungua.

Alicheka kidogo kwenye simu. "Mwaitu," akasema, na hivyo ndivyo sisi Wakamba tunavyomwita mama, "nataka twende kule ziwani kabla sijalazwa."

Hapo nikaacha mzaha. Alikuwa na uvimbe shingoni, mkubwa kama yai la kanga, chini ya ngozi upande wa kushoto. Madaktari walikuwa wamempa siku ya kupasuliwa, Jumatano ya wiki iliyofuata, na hawakumficha kwamba hawajui watakuta nini wakishafungua. Mtu wa namna hiyo akikuambia twende mahali, humuulizi maswali. Nilimwambia aje Ijumaa asubuhi na asichelewe, kwa sababu mbuzi wangu nitamwachia jirani, na jirani huyo hapendi kungojeshwa.

Ziwa lenyewe ni dogo. Liko juu mlimani, ukishapita Nunguni, ndani ya msitu ambao gari haliingii mpaka mwisho. Mtu mwenye mkono mzuri akirusha jiwe linaangukia ng'ambo. Miti imelizunguka mpaka maji yanaonekana meusi, lakini ukiyachota yako safi na yana ladha ya majani. Hakuna anayejenga pale wala kulima. Upande wa jua linakotokea kuna mti mkubwa wa muumo ambao wazee wa zamani walikuwa wakienda kuombea mvua, na ingawa siku hizi tunaomba kanisani, bado hakuna mtu anayekata tawi lake.

Sisi tulilijua ziwa hilo kwa sababu ya njaa. Mwaka mmoja wa kiangazi, binti yangu akiwa na miaka sita, mito ya huku chini tunakokaa ilikauka mpaka ukichimba mchanga kina cha mtu mzima hupati hata tope. Mume wangu alikuwa kazini Mombasa. Nilitanguliza ng'ombe wanne mbele, mtoto nyuma, nikapanda nao mlimani. Tulikaa pale wiki tano. Nyumba yetu ilikuwa matawi na magunia ya mkonge. Kila asubuhi nilichuchumaa ukingoni nikachota maji kwa viganja, naye akanywa mkononi mwangu kama ndama, kwa sababu ukingo ule unateleza na nilikuwa nimemkataza kuukaribia. Mimi sikuona raha yoyote katika wiki zile. Niliogopa chui, nikaogopa askari wa msitu, nikaogopa ng'ombe kufa. Kumbe mtoto alikuwa anaona kitu kingine. Mpaka leo husema hajawahi kukaa mahali vizuri kama pale.

Sasa niseme jambo ambalo siku ile ya simu sikulikumbuka kabisa.

Binti yangu alipomaliza shule, niliuza fahali ili aende chuo cha ualimu. Mimi nilisoma mpaka darasa la tatu, na nilitaka mwalimu nyumbani kwangu. Siku mbili kabla ya kwenda chuo alinikuta natoka mtoni, akaniambia haendi. Amepata kazi ya kupika katika hoteli kule Emali, kwenye barabara ya Mombasa, na nguo ameshafunga. Nilikuwa na mtungi wa lita ishirini mgongoni, umeshikwa na mukwa, ule mkanda wa ngozi tunaouvaa kwenye paji la uso. Jua lilikuwa limeshapanda. Niliutua mtungi mbele yake nikasema, "Nenda. Lakini maji ninayobeba kwa mgongo huu usiyanywe tena."

Nikaingia jikoni. Mimi ni mtu wa mdomo mkali. Nilizaliwa Mutomo, ambako maji ni ya kuamkia usiku na kugombania, na mama yangu pia hakuwa na maneno laini. Watoto wangu nimewaambia mengi. Ilipofika jioni nilikuwa nimeshasahau la maji, nakumbuka fahali tu.

Yeye hakusahau. Kwetu, neno la mzazi aliyekasirika, akiwa ametaja kiungo cha mwili wake, mgongo au titi lililomnyonyesha mtoto, linaitwa kiumo. Kiumo hakiondolewi na mchungaji wala mzee wa ukoo. Kinaondolewa na mdomo uliokisema. Na mwana mwenye adabu haendi kumkumbusha mzazi. Anangoja mzazi akumbuke mwenyewe.

Alingoja miaka ishirini na miwili.

Katika miaka hiyo alikuja nyumbani mara nyingi. Mambo yake ya Emali yalinyooka, akaolewa, akafungua hoteli yake mwenyewe, akanijengea choo cha mawe. Alitaka kuniletea tangi la maji ya mvua nikakataa, nikasema maji ya tangi yananuka plastiki. Na kila alipokuja, kabla hajakaa, alichukua mtungi akaenda mtoni, gari limesimama pale uani! Chai aliipika kwa maji yake. Nami nilijisifu kwa majirani. "Mnaona? Ana gari, lakini mgongo bado ni wa Mkamba." Akipita kwa haraka alibeba chupa ya maji ya dukani, na hapo nilimcheka. "Maji ya mama yako yana vyura?" Yeye alitabasamu tu. Mume wangu alipokufa, binti huyu aliwachotea waombolezaji maji siku nne, na watu wote walisema nimezaa mtoto. Nikakubali kwamba nimezaa mtoto.

Basi Ijumaa hiyo walikuja, yeye na msichana wake wa pekee, mjukuu wangu aliye chuo Nairobi. Mjukuu ndiye aliyekuwa na mizigo: tenti, magodoro ya kupuliza, mifuko ya kulalia yenye zipu. Nilibeba muthokoi, yale mahindi yetu ya kukobolewa, pamoja na maharagwe, mukwa wangu na blanketi langu. Mjukuu akaniuliza mukwa wa nini.

"Wa kubebea maji."

"Susu, tutabeba kwa mkono, ni karibu."

Susu ni nyanya, yaani bibi. Nilimwambia mkono ni wa kusalimia watu.

Tulipofika kwenye kizuizi cha msitu, askari alisoma kibali chetu, akainama dirishani akanitazama. "Shosho, nawe unaenda kempingi? Au unaenda kuwinda?"

"Kuwinda," nikamwambia. "Nawinda askari wanaolala kazini."

Alicheka, akafungua. Huyo ndiye mtu wa mwisho tuliyemsikia akicheka kwa sauti siku hiyo, kwa maana ukishaingia ndani ya msitu ule sauti yako mwenyewe inakuchosha. Tuliacha gari, tukatembea. Ukungu ulikuwa bado katikati ya miti ingawa saa nne ilikuwa imepita. Tulipoliona ziwa, binti yangu aliweka mzigo chini akasimama muda mrefu, mkono shingoni. Kwenye maji hapakuwa na kitu kinachotembea isipokuwa bata wawili, na nyuma yao mkunjo mdogo unaofika ukingoni na kuisha. Nilitafuta mahali tulipokuwa tumejenga kibanda chetu cha magunia. Msitu ulikuwa umepachukua.

Mjukuu alishindana na tenti mpaka saa sita. Aliniambia inajifungua yenyewe, na kweli ilijifungua, ikamrukia usoni.

"Na inajifunga yenyewe?" nikauliza.

"Hapo sasa ndiyo kuna kazi, susu."

Tulikuwa na mtungi mmoja tu, wa hotelini kwa binti yangu. Wakati sisi tunahangaika na tenti, binti yangu alishauchukua akateremka ziwani, akaupandisha umejaa kabla sijageuka. Nilimgombeza. Mtu wa kwenda kupasuliwa habebi mzigo. Akasema, "Ni kidogo, mwaitu, acha." Nikaacha. Tulipika, tukala, tukakaa kutazama maji yakibadilika rangi mpaka giza likayachukua. Mara mbili alianza, "Mwaitu," nikamwambia sema, akasema ni baridi. Nilidhani anaogopa kisu cha daktari na anaona haya kusema. Nilimwambia wenzake wengi wamepasuliwa na wanatembea.

Jumamosi niliamka wa kwanza. Mtungi ulikuwa mtupu. Niliteremka polepole, magoti yangu si ya kusifiwa, nikajaza nusu, nikavaa mukwa nikapanda. Niliuweka kando ya mafiga, nikaenda kuokota kuni. Niliporudi nilimwona binti yangu kabla hajaniona. Alikuwa ameinama kwenye shina la mti, anamwaga maji yangu. Hakuyatupa. Aliyamwaga taratibu, kidogo kidogo, mpaka tone la mwisho. Kisha akaelekea ukingoni na mtungi mtupu.

"Unamwaga nini?"

Alishtuka. "Maji, mwaitu."

"Naona ni maji, mimi si kipofu. Yana nini?"

"Hayana kitu."

"Nimeteremka na magoti haya, nimepanda nayo, wewe unanyweshea mti. Umeshakuwa mtu mkubwa wa hoteli, hata maji ya Mungu unayachagua?"

Mjukuu alitoa kichwa kwenye tenti kama kobe. "Susu, kelele za nini? Ndege wote wameruka."

"Rudi ndani."

Akarudi.

Binti yangu aliketi kwenye mzizi. Hakuwa na hasira. Afadhali angekuwa nayo. "Maji hayana kitu," akasema. "Ni kwamba umeyabeba wewe."

"Nimekuwa mchafu?"

"Ulisema nisiyanywe."

"Nilisema lini?"

"Siku niliyoenda Emali."

Nilisimama na kuni zangu kichwani kama mjinga. Likanirudia lote: jua, fahali, mtungi niliotua mbele yake, hata viatu alivyokuwa amevaa, vya buluu, kimoja kimeshonwa kwa waya. Halafu yakaanza kuja mengine, moja baada ya jingine, na hayo ndiyo yaliyoniumiza. Gari uani, naye anashika njia ya mtoni. Chupa za dukani. Siku nne za matanga. Nilikuwa nimejisifu kwa majirani juu ya kitu nilichomfunga nacho mwenyewe.

Nilifanya kama wanavyofanya watu wenye makosa. Nikakemea. "Hayo ni mambo ya kale. Wewe si mtu wa kanisa?"

"Ni mtu wa kanisa. Hata wewe. Lakini ulisema."

"Na mdomo hukuwa nao wa kuniambia miaka yote hii?"

"Ningekuambiaje, mwaitu? Ningekuja kukudai?" Alitazama mikono yake. "Jumatano watanilaza pale, na sijui kama nitaamka. Nilitaka nilale hakuna kitu kati yangu na wewe. Sikukuleta hapa kukulazimisha. Nilitaka tu tukae tena mahali nilipokuwa nakunywa."

Nilitua kuni, nikaondoka.

Kulizunguka ziwa lile si mwendo wa mbali, lakini nilikaa kule mpaka jua likapita utosi. Nilikaa chini ya muumo. Watu watasema ni kitu gani kigumu, si ni neno tu, lirudishe uende nyumbani. Hao hawajawahi kuwa wazazi wa namna yangu. Sijawahi kumwomba mtoto msamaha. Nililelewa hivyo na nikalea hivyo. Tena kulikuwa na kitu kingine kilichonishika miguu. Nikikiondoa kiumo nitakuwa nimekubali kwamba kilikuwepo. Na uvimbe ulikuwa shingoni, pale pale maji yanapopita. Daktari alimwambia ugonjwa huo huwapata wengi na hakuna aliyeuleta, na mimi namwamini daktari. Lakini chini ya mti ule sikuwa na daktari. Nilikuwa na mdomo wangu tu, nikaona ladha yake.

Nilijaribu kuomba. Maneno yalikuja ya kanisani, yale ya kila Jumapili, yakapita. Maji mbele yangu hayakutikisika hata kidogo. Kima mmoja alikuja akanywa ng'ambo, akanitazama, akaendelea kunywa.

Nilirudi, nikawasha moto, tukala muthokoi uliopikwa kwa maji aliyochota yeye. Mjukuu hakuniuliza nilikuwa wapi. Nadhani mama yake alikuwa amemweleza. Jioni aliniletea blanketi langu bila kuambiwa, akanifunika mabega. Jumamosi yote ikapita sijakiondoa kiumo, na kulala nikalala nacho.

Jumapili, kabla jua halijaingia kati ya miti, nilichukua mtungi na mukwa nikateremka. Siku hizi sibebi zaidi ya nusu. Siku hiyo niliujaza mpaka juu, kwa sababu siku ile ya Emali ulikuwa umejaa. Kunyanyuka kulinichukua mara tatu. Nilipanda nimeshika mizizi, maji yananimwagikia mgongoni, moyo unagonga. Nilipofika mbele ya tenti niliita, "Toka nje."

Alitoka na shuka mabegani. Mjukuu akatoka nyuma yake. Niliutua mtungi mbele ya miguu yake, kama nilivyoutua siku ile.

Nikasema, "Nilifunga maji kwa mdomo huu, kwa hasira ya fahali. Leo nayafungua kwa mdomo huu huu. Maji niliyobeba kwa mgongo huu ni yako. Kunywa wewe, anywe mtoto wako, na yapite kooni mwako yasizuiwe na kitu."

Nikajaza maji mdomoni, nikampulizia kifuani, kama wazee wetu walivyobariki. Nikajaza tena, nikampulizia shingoni, juu ya ule uvimbe.

"Ai, mwaitu! Baridi!" Akaruka nyuma. Mjukuu akacheka, na katikati ya kucheka akaanza kulia, akaingia ndani ya tenti akafunga zipu.

Kulikuwa kumebaki neno moja. Nililisema kwa Kikamba na sikulisema kwa nguvu. Nilimwambia anisamehe. Sijui kama alilisikia lote, kwa sababu nusu ilibaki kwenye meno. Yeye aliinamisha kichwa, basi.

Nilitafuta kikombe, lakini vikombe vilikuwa ndani na yule mtoto. Kwa hiyo nilimwambia ainamishe mtungi. Nikachuchumaa pale chini, nikaunganisha viganja, maji yakajaa. Mwanamke wa miaka arobaini na zaidi, mwenye hoteli na wafanyakazi, alipiga magoti kwenye majani akanywa mkononi mwangu. Niliuona uvimbe ukipanda na kushuka. Alikunywa mara nne. Kisha akafuta mdomo kwa kiganja akasema, "Yananuka mtungi."

"Ni mtungi wako," nikamwambia.

Jumatano walimpasua. Walitoa kilichokuwa pale, tukaambiwa tungoje majibu, tukangoja, na majibu yakaja si mabaya kama tulivyoogopa. Dawa atakunywa maisha yake yote. Sauti yake imebaki na mkwaruzo, kwenye simu wakati mwingine namdhania mtu mwingine. Sitasema ni maji yaliyomponya. Sina sababu ya kuyapa maji kazi ya daktari. Najua tu kwamba aliingia kule bila kile kitu kati yetu.

Alikuja nyumbani kiangazi kilichofuata. Alisimamisha gari, akaingia, akaketi kwenye kigoda changu akanyoosha miguu. Nilingoja anyanyuke achukue mtungi, kwa mazoea ya miaka. Hakunyanyuka.

"Mwaitu," akasema, "nina kiu."

Nilichukua mtungi nikateremka mtoni, kwenye shimo letu la mchanga. Jirani yangu, yule wa mbuzi, alikuwa pale anangoja zamu. Alinitazama, akatazama juu, nyumbani kwangu, ambako gari linaonekana likimetameta uani.

"Wee! Si yule ni binti yako amekuja? Na amekuacha uteremke na miguu hiyo? Siku zote nilikuwa namsifu. Pesa imemharibu, mama. Amekuwa mvivu."

"Mvivu kabisa," nikamwambia. Nikauweka mukwa kwenye paji la uso, nikapanda.